Kadi, waya au hewani: data za shokapu za pikipiki utazishushaje kwenye kompyuta?

Fundi yeyote wa pikipiki za motokrosi, zile za mbio za matuta na miruko, anaijua mbinu ya oringi, yaani pete nyembamba ya mpira. Unavisha oringi moja kwenye bomba la shokapu ya mbele, unaisogeza mpaka iguse sili, kijana anaingia uwanjani, akirudi unaangalia imesukumwa hadi wapi. Ni kipimo cha bure na hakiishiwi chaji. Tatizo lake ni kwamba kinakuambia jambo moja tu: shokapu ilizama kiasi gani ile mara iliyozama kuliko zote. Hakisemi ulikuwa mruko wa ngapi, hakisemi shokapu ilirudi juu kwa kasi gani, wala hakisemi kama kona nzima ya mchanga pikipiki ilikuwa imekaa chini bila kuinuka.

Kwa hiyo watu wanafunga sensa mbili, moja mbele na moja nyuma, na kifaa cha kunasa data. Hapa nitakiita kinasa. Wakiombana ushauri huulizana bei ya sensa na urefu wake. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: baada ya kurekodi, hizo data zinashukaje kwenye laptopu? Nimefunga na kufungua vinasa vya aina kadhaa, na leo ningekuwa nanunua upya ningeanza na swali hilo. Sababu yangu si kasi. Nitafika huko, ila kwanza tuujue mzigo tunaoubeba.

Mzigo wenyewe

Sensa ya kawaida ya kazi hii ni fimbo inayoteleza ndani ya bomba, na inafanya kazi kama vile vitelezi vya sauti kwenye mixer ya DJ. Shokapu ikibonyea, fimbo inaingia na volti zinabadilika. Kinasa kinazisoma na kuandika namba. Shokapu ya mbele ya motokrosi husafiri karibu milimita 300. Ya pikipiki ya mbio za lami ni milimita 120 hivi.

Kinachoamua ukubwa wa mzigo ni mara ngapi kwa sekunde kinasa kinasoma. Ukitua vibaya kutoka mruko mkubwa, shokapu inaweza kubonyea kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde. Kinasa kinachosoma mara 100 kwa sekunde kitaiona hapa, kisha kitaiona milimita 30 chini zaidi, na cha katikati hakijui. Kikisoma mara 500, kila hatua inakuwa milimita 6. Tofauti hiyo ni kubwa, maana tunachokitafuta hasa ni kasi ya shokapu. Kliki unazozungusha kwa bisibisi zinatawala kasi ya mafuta kupita kwenye vali. Mara 100 zinatosha kukuonyesha pikipiki inakaaje kwenye kona. Kwenye kutua hazitoshi.

Sasa hesabu. Sensa 2, kila namba baiti 2, mara 500 kwa sekunde: baiti 2,000 kila sekunde. Mzunguko wa dakika 20, yaani tangu kuingia uwanjani hadi kurudi, ni sekunde 1,200, sawa na MB 2.4. Picha moja ya simu mara nyingi inazidi hapo. Lakini kinasa kikiandika kwa maandishi ya kawaida, yaani CSV, kila mstari ukiwa na muda na namba mbili unakula baiti 15 hivi, na dakika zilezile 20 zinakuwa MB 9. Hizo MB 9 zinashuka hivi:

| Njia | Kasi niliyokokotolea | Muda |
|---|---|---|
| Waya wa serial wa kizamani | biti 9,600 kwa sekunde | saa 2 na dakika 36 |
| Serial kupitia tundu la USB | biti 115,200 kwa sekunde | dakika 13 |
| Bluetooth ya kifaa kidogo | kB 50 kwa sekunde | dakika 3 |
| Wi-Fi ya kinasa | MB 1 kwa sekunde | sekunde 9 |
| Kadi kwenye kisomaji | MB 10 kwa sekunde | chini ya sekunde 1 |

Mistari miwili ya juu ni hesabu kamili, kwa kuwa serial hutumia biti 10 kubeba baiti moja. Mitatu ya chini ni makadirio; kifaa chako kinaweza kwenda kasi zaidi au kujikongoja. Ukilitazama jedwali peke yake, kadi imeshinda na mchezo umekwisha. Ningekuwa mvivu ningeishia hapo.

Kadi

Nianze na upendeleo wangu: naipenda kadi. Ninachokitoa kwenye kinasa ni faili lenyewe, siyo nakala iliyopita kwenye programu ya mtu. Linafunguka kwenye Windows, Mac, Linux, hata kwenye simu yenye adapta ya mia mbili mia tatu. Hakuna draiva wala nywila. Kinasa kikifa maji, kadi inabaki na data zake. Na jambo ambalo watu hawalifikirii: ukiwa na kadi mbili, unachomoa hii na kuchomeka ile, kijana anarudi uwanjani, wewe unakaa kivulini kusoma mzunguko uliopita. Kwa waya au Wi-Fi, pikipiki lazima isimame karibu nawe mpaka kazi iishe.

Ubaya wake ni wa mikononi. Kadi ya microSD ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na mikono yako ina grisi. Nimewahi kupiga magoti kwenye nyasi za Jamhuri, Nairobi, nikipekua kama mtu aliyepoteza hereni, huku spika zikitangaza mbio zinazofuata. Tangu siku hiyo nachomolea kadi juu ya taulo, wakinicheka wanicheke.

Tundu la kadi vilevile ni mlango wa maji. Kifuniko cha mpira kinachakaa, na anayeosha pikipiki kwa mashine ya presha hana habari na kifuniko chako. Mtetemo nao: vile vibati vya springi vinavyoishika kadi vinaweza kuruka pikipiki inapotua, na kinasa cha bei rahisi kikikosa kadi kwa sekunde moja kinaacha kuandika bila kukuambia. Namna ya kujua ni kulinganisha urefu wa faili na saa ya mkononi. Mzunguko ulikuwa dakika 20, faili linasema dakika 6, basi tafuta kipande cha sponji ukibanie kadi.

Mambo mengine matatu ya kadi, haraka haraka. Vinasa vingi vinasoma kadi iliyofomatiwa FAT32 tu, na kadi zinazozidi GB 32 hutoka dukani zikiwa na exFAT. Nunua GB 16 au 32, nafasi hutaimaliza. Kadi bandia zimejaa mitaani, zimeandikwa 64 na ndani hazifiki hata nusu. Kabla ya kuiamini kadi mpya ijaze kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, uone kama inarudisha ilichopewa. Tatu, kadi yoyote hupumzika kidogo inapoandika, pengine mpaka robo sekunde. Kinasa kizuri kina akiba ya kumbukumbu ya kushikilia namba wakati huo. Kisicho na akiba kinazipoteza, na kwa mara 500 kwa sekunde hizo ni namba 125 za kila sensa zimekwenda na maji, labda katikati ya kutua kwenyewe.

Na usichomoe taa ikiwa bado inamweka. Mimi nilichomoa, mara moja, kwa haraka ya mbio za pili. Kompyuta ilinionyesha faili lenye jina, tarehe na ukubwa wa baiti 0. Data zilikuwemo ndani ya kadi, ila orodha ya kadi haikuwa imeandikwa ziko wapi. Nilikesha na programu ya kuokoa mafaili, nikapata nusu.

Kuna ndugu ya kadi ambaye watu wa Ducati wanamfahamu: DDA (Ducati Data Analyzer), iliyokuja na pikipiki za 1098 mwaka 2007. Ni kijiti kama flashi, unakichomeka kwenye pikipiki, unaendesha, kisha unakichomeka kwenye kompyuta. Wazo zuri sana. Ila kiliandika mwendo, mizunguko ya injini, kiasi cha mafuta kilichofunguliwa kwa mkono, joto na muda wa kila raundi ya uwanja; mahali shokapu ilipo hakikuandika. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaonunua pikipiki kubwa yenye kinasa cha kiwandani wakidhani mambo ya shokapu yamo. Uliza kwanza.

Waya

Ukisema waya unazungumzia vitu visivyofanana hata kidogo, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea, hasa wanaonunua vinasa vilivyotumika kutoka Ulaya.

Wa kwanza ni serial, ile plagi ya pini 9. Kompyuta za leo hazina tundu lake, kwa hiyo unahitaji kigeuzi cha kwenda USB, na kigeuzi kina chipu, na chipu ina tabia. Chipu za Prolific PL2303 zimeigwa sana, na draiva mpya za kampuni yenyewe kwenye Windows zinakataa zile za kuiga: unapata alama ya njano na maneno Code 10, unadhani waya ni mbovu. FTDI walikwenda mbali zaidi mwaka 2014, draiva yao ikawa inafuta namba ya utambulisho ya chipu bandia mpaka kompyuta isiitambue tena. Cha kuchekesha ni kwamba CH340, chipu ya bei ya chini isiyojificha kuwa ni ya bei ya chini, haijawahi kunisumbua. Hata ukivuka hapo, rudi kwenye jedwali: dakika 13 kwa mzunguko wa dakika 20, kama kinasa kinatuma CSV. Kikituma namba zilizobanwa, zile MB 2.4, ni dakika tatu na nusu. Hizo zinavumilika.

Wa pili ni USB inayojifanya flashi. Unachomeka, kinasa kinaonekana kama diski, unakokota faili. Kwangu hii ni sawasawa na kadi, imepungukiwa tu na uhuru wa kuiacha pikipiki iende. Imezidi kadi kwa kuwa hakuna cha kudondosha kwenye nyasi.

Wa tatu ni USB inayohitaji programu ya mtengenezaji. Plagi ni ileile, waya pengine uleule, lakini bila programu kompyuta haioni kitu. Muuzaji akikuambia “ina USB”, hajakuambia chochote bado. Muulize: inaonekana kama flashi, au inataka programu?

Wa nne ni waya wa kampuni. Vinasa vingi vya AiM, Waitaliano wale, vina soketi za duara za Binder zenye pini ndogo. Ni imara, zinafungwa kwa kuzungushwa, vumbi haliingii, lakini hutaipata plagi yake kwenye duka la chaja za simu. MoTeC ya Australia nayo, ADL3 inashusha kwa Ethernet, waya wa mtandao wa kawaida kwenye upande wa kompyuta, na inashusha kwa kasi nzuri. ADL2 ya kabla yake inahitaji kisanduku chao kiitwacho UTC, kinachogeuza USB kuwa CAN, lugha ya waya inayotumiwa na vifaa vya magari na pikipiki. Ukiona ADL2 inauzwa bei ya kutupa, angalia kwanza kama UTC imo kwenye boksi. Kama haimo, bei si ya kutupa tena.

Pamoja na hayo, waya ndio unaotawala mbio kubwa za dunia. Watu husema “telemetria ya MotoGP” kana kwamba data zinaruka kutoka kwenye pikipiki hadi gereji. Haziruki. Sheria zinaizuia timu kupokea data za pikipiki iliyo mwendoni. Ndiyo maana pikipiki ikiingia gereji utamwona mtu mmoja ameinama na waya mkononi kabla mwendeshaji hajamaliza kuvua helmeti. Wao wana watu wa kazi hiyo moja tu. Wewe ndiye fundi, mpishi wa chai, na mshika mwavuli.

Hewani

Wi-Fi ya kinasa haiko kama ya nyumbani. Kinasa chenyewe kinatengeneza mtandao wake mdogo, laptopu inaingia humo, programu inavuta data. AiM Solo 2 DL na dashibodi za MXS zinafanya hivyo, na siku inapofanya kazi vizuri unajiona umeendelea. Kinasa kimefungwa kabisa, hakuna mfuniko wa kufungua, tope limekauka juu yake na wala hulijali. Kwa enduro, zile mbio ndefu za porini, wakati wa masika mimi sitaki kitu kingine. Na ukiwa na waendeshaji watatu au wanne, kuzunguka na laptopu moja ukivuta data za kila mmoja bila kugusa pikipiki ni raha.

Siku inapokataa sasa. Mtandao wa kinasa hauna intaneti, na laptopu za leo zimefunzwa kuukimbia mtandao usio na intaneti. Inaingia, inanusa, inarudi kwenye hotspot ya simu yako uliyoiacha imewashwa, na uhamishaji unakatika kwenye asilimia 40. Kijana mmoja ninayemshughulikia pikipiki aliwahi kuniletea laptopu yake uso umemshuka: “Anko, mbona kila nikiingia inasema hakuna intaneti?” Nikamwambia, “Ndivyo inavyotakiwa. Zima data za simu, halafu iambie laptopu isiulize tena.” Alikuwa amejaribu tangu asubuhi, na kinasa hakikuwa na kosa lolote.

Halafu kuna umeme. Wakati wa kushusha, kinasa lazima kiwe kimewaka. Kama kinakula umeme wa pikipiki, swichi iko on, injini imezimwa, na betri ya pikipiki ya motokrosi ni kadogo. Pikipiki nyingine za kupiga kiki hazina betri kabisa. Sekunde 9 si kitu. Lakini ukisahau kuzima ukaenda kula, utakuta kijana anasukuma. Baadhi ya vinasa vina betri yao ya ndani, na mimi naihesabu kama sifa kubwa kuliko kasi yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

Uwanjani siku ya mbio, masafa ya 2.4 GHz, yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi, yanajaa kamera, simu na vipaza sauti. Umbali unaofanya kazi vizuri siku ya mazoezi unaweza kupungua nusu. Sogea karibu na pikipiki, basi.

Bluetooth sitaikalia sana. Inafaa kubadilisha mipangilio na kuona kama sensa inasoma. Kwa kushusha mzunguko mzima ni ya subira, na mifumo mingi inayoitegemea haiteremshi kwenye kompyuta moja kwa moja: data zinakwenda kwenye simu, simu inazipandisha kwenye seva ya kampuni, kisha unaingia kwenye tovuti yao kwa kompyuta ukaone grafu. Bando ni lako. Seva ni yao.

Hapo nimefika kwenye sababu yangu.

Unachopata baada ya kushusha

Kinasa kimoja kinaweza kushusha kwa sekunde 9 na kukupa kitu usichoweza kukitumia mwakani. Kingine kikakuweka robo saa na kukupa namba zako zote, safi, milele. Mimi nachagua cha pili nikiwa nimefumba macho.

Angalia mafaili. AiM wanaandika faili la xrk, na linafunguka kwenye programu yao ya Race Studio 3, ambayo ni ya bure na ni ya Windows tu. Mwenye Mac ajipange. Kwa bahati nzuri inatoa CSV ukiiomba. MoTeC wanaandika ld, na programu yao ya i2 ina sura mbili: Standard ya bure, na Pro ambayo inafungua tu mafaili yaliyotoka kwenye kinasa kilicholipiwa ruhusa ya Pro. Kwa maneno mengine ufunguo umo ndani ya faili, si kwenye kompyuta yako. Silalamiki, i2 ni programu nzuri kuliko nyingi nilizogusa. Nataka tu uujue mlango kabla ya kuingia.

Mifumo ya simu na seva ndiyo inayonitia wasiwasi. Mingi inakuonyesha grafu zilizolainishwa tayari, asilimia na ushauri: “ongeza kliki mbili”. Namba ghafi huzioni. Kwa nini namba ghafi? Chukua kinasa cha kujitengenezea kwa Arduino Uno, ile bodi ndogo ya elektroniki ya bei nafuu. Inagawa safari nzima ya sensa hatua 1,024. Kwa sensa ya milimita 300, hatua moja ni karibu milimita 0.29. Namba ikitikisika hatua moja tu juu na chini, kitu cha kawaida kabisa, kwa mara 500 kwa sekunde kompyuta itasoma kasi ya milimita 146 kwa sekunde wakati pikipiki imesimama kwenye stendi! Kila programu inalainisha ili kufuta upuuzi huo, na kila moja inalainisha kivyake. Ukiwa na namba ghafi unaweza kulainisha upya, kidogo au zaidi, ukaona kama kile kilele cha kasi kwenye mruko wa tatu ni cha kweli. Ukipewa grafu iliyokwisha kupakwa rangi, unamwamini aliyepaka.

CSV nayo ina vituko vyake. Programu iliyowekwa kwa mtindo wa Italia au Ujerumani inaandika koma mahali pa nukta ya desimali, na nukta mkato kutenganisha safu. Ukiifungua kwenye Excel ya huku kwetu, namba zinakatwa kwenye koma na safu zinavurugika. Usibadilishe kwa kutafuta na kufuta koma. Badilisha mipangilio ya lugha kwenye programu iliyotoa faili, kisha toa upya. Na Excel inaishia mistari 1,048,576. Kwa mara 500 kwa sekunde hiyo ni dakika 35 kasoro sekunde chache. Mazoezi ya dakika 40 yatakatwa mkia, na usipokuwa makini hutaona.

Halafu saa. Kinasa chenye GPS kinachukua saa ya satelaiti, na mara nyingi kinaandika UTC, ambayo hapa ni saa ya kimataifa, si kile kisanduku cha MoTeC. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Mbio za saa nne asubuhi zinaandikwa 07:00, ambayo kwa saa yetu ni saa moja, wakati ulikuwa bado unapakia pikipiki kwenye pikapu. Kinasa kisicho na GPS wala betri ya saa kinakupa tarehe ya mwaka 1970 au 2000. Nikishusha tu, kabla sijafungua faili, nalipa jina: tarehe, uwanja, mzunguko wa ngapi, kliki za kubonyea na kurudi, presha ya tairi. Faili lisilo na kliki ndani ya jina lake ni kama dawa isiyo na lebo. Jioni nyumbani hutakumbuka kama mzunguko wa tatu ulikuwa kliki 12 au 14, na kijana atakuambia kwa ujasiri mkubwa ilikuwa 12, na atakuwa amekosea.

Na nakala ya asili haiguswi. Xrk, ld, au CSV ya kadi, inakwenda kwenye folda yake na kwenye flashi ya pili, kazi inafanyika kwenye nakala.

Kwa hiyo uchukue ipi

Mtu mmoja, pikipiki moja, bajeti ya kubana, na hauogopi kushika chuma cha kulehemu: kadi. Bodi ya Teensy 4.1 ina tundu la microSD tayari, na sensa mbili na boksi lisiloingiza maji ndiyo gharama kubwa iliyobaki. Utakosa programu nzuri ya grafu, utapata uhuru. Kama kulehemu si kazi yako, tafuta kinasa cha dukani kinachotumia kadi, au USB inayoonekana kama flashi. Vyote viwili sivitofautishi sana.

Timu yenye pikipiki kadhaa, au anayeshindana kwenye tope na mvua: Wi-Fi, lakini yenye waya wa akiba kwenye boksi na betri ya ndani. Sijawahi kuona kinasa cha Wi-Fi ambacho hakikuhitaji waya siku moja.

Anayetaka kununua kifaa cha Ulaya kilichotumika, mimi ningemwambia aende polepole. Ni mashine nzuri mno kwa bei yake, na ndiyo iliyonila pesa. Niliwahi kununua kinasa safi, hakina mkwaruzo, kutoka kwa mtu aliyeniapia kwamba kinafanya kazi. Na kweli kilifanya kazi: kilirekodi vizuri kabisa, taa ya kijani, kila kitu. Waya wake wa kushushia haukuwepo, programu yake ilikuwa ya Windows XP, na kampuni iliyokitengeneza ilikuwa imefunga. Data za mizunguko sita ya mwendeshaji nisiyemjua bado zimo humo ndani.

Sasa kabla sijatoa hela namwambia muuzaji anitumie faili moja aliloshusha yeye, la pikipiki yoyote, la dakika mbili tu. Nalifungua kwenye laptopu yangu, bila yeye kuwepo, bila intaneti. Natafuta safu mbili za milimita na moja ya muda, nahesabu mistari ya sekunde moja kuona kama ni 500 kweli au 50. Wengine hulituma baada ya dakika tano. Wengine husema watalituma kesho, na kesho hiyo haifiki.